Mche wa Babu na Mbolea ya Shemeji

Nchi yetu ina jina, lakini sheria inakataza kulitaja ukiwa umekaa, nami nimechoka kusimama. Msomaji aniwie radhi. Anayeishi humu ataitambua bila kutajiwa, na asiyeishi humu asijisumbue.

Kwa miaka mingi bangi ilikuwa adui wa taifa letu. Aliyekutwa na mche alifungwa, na mche wenyewe ulichomwa moto nyuma ya kituo cha polisi, upande ambao upepo unaelekea ofisini, ili ushahidi usipotee bure. Kisha wakaja wageni wakasema kwamba kwao maua ya mmea huo yanatengenezewa dawa ya maumivu, na kwamba wako tayari kununua. Bunge liliketi asubuhi, na kufikia saa ya chai bangi haikuwa adui tena. Ilipewa jina la Mche wa Taifa, na kuiita kwa jina la zamani likawa kosa la kumkashifu mtumishi wa umma.

Kila nyumba yenye mgonjwa iliruhusiwa kuotesha mche mmoja katika ndoo ya bluu ya serikali. Ukivuna, nusu ya maua ni ya serikali na nusu ni ya mgonjwa. Kwetu mgonjwa alikuwa babu yangu, Mzee Nyangasa. Mguu wake wa kushoto ulipondwa na jiwe alipokuwa kibarua kwenye ujenzi wa Mnara wa Afya Bora, na tangu siku hiyo mguu haujawahi kunyamaza. Usiku unauma, mchana unauma, na wimbo wa taifa ukipigwa unauma zaidi kwa sababu lazima asimame. Hospitali walimpa bango lenye picha ya mtu anayetabasamu. Msimu uliotangulia jirani yetu Mama Hidaya alimgawia maua kidogo ya mche wa mumewe, na kwa siku chache Babu akawa mtu mwingine. Alikuwa akilala. Tangu hapo alikuwa akiusubiri mche wake mwenyewe kama watu wengine wanavyosubiri pensheni, ila yeye alikuwa na matumaini.

Mimi nilikuwa nyumbani kwa sababu shule yetu ya bweni ilikuwa imefungwa. Mabweni yalihitajika kuhifadhia mbolea. Mwalimu mkuu alituaga kwa hotuba akisema kwamba elimu haina mwisho, kisha akafunga geti.

* * *

Mbolea yenyewe ilikuwa ya maji, ya chupa, na iliitwa Stawi. Mche wa Babu ulikunywa Stawi tangu ulipokuwa na majani mawili. Ulikua, ukatanuka, ukatoa maua manene yenye harufu iliyomfanya Bibi afunge madirisha kila wageni walipokuja. Zilikuwa zimebaki wiki chache tu kuvuna.

Hapo ndipo Waziri wa Mizizi, Majani na Mambo ya Maua, Mheshimiwa Daktari Mhandisi Bulimbe, alipooa tena.

Msomaji mgeni anaweza kuuliza harusi inahusianaje na mbolea. Mwenyeji hatauliza. Mke aliyeachwa alikuwa na kaka, na kaka huyo ndiye aliyekuwa akiingiza Stawi nchini. Mke mpya naye alikuwa na kaka, na kaka huyu alikuwa na meli nzima ya mbolea iitwayo Kijani Daima. Wataalamu wa kilimo walialikwa harusini wakakalishwa meza ya mbele, karibu na nyama. Walipoinuka walikuwa wamethibitisha kwamba Stawi ni sumu.

Redio ikatangaza kwamba miche yote nchini, bila kujali umri, iachishwe Stawi na kuanzishiwa Kijani Daima mara moja. Ikatangaza pia kwamba kabla ya Siku ya Kijani, ambayo ndiyo sikukuu yetu kubwa, kila mche utakaguliwa. Utakaokutwa na majani ya njano utang'olewa.

Hapa lazima nieleze habari ya njano. Kijani ni rangi ya Chama. Njano ilikuwa rangi ya chama kingine, ambacho hakikuwahi kuwepo na kilipigwa marufuku. Tangu wakati huo ndizi mbivu kwetu zinauzwa zikiwa zimefungwa gazeti, na mtu akipata ugonjwa wa manjano anapelekwa kwanza polisi, halafu hospitali.

Taabu ni kwamba bangi inapokaribia kuvunwa majani yake hugeuka njano. Haina ugonjwa wala siasa. Inazeeka tu.

* * *

Afisa Kijani wa kata yetu aliitwa Bwana Lukwaro. Alikuwa mrefu, mwembamba, na alivaa viatu vikubwa vya serikali vilivyotangulia kufika kila mahali alipokwenda. Alikuja kwetu na chupa ya Kijani Daima pamoja na kadi yenye rangi ya kijani ya kulinganishia majani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Karibu, kaa."

"Siruhusiwi kukaa mbele ya Mche." Akausogelea, akaweka kadi juu ya jani moja, akahema. "Mzee Nyangasa, hili linaelekea njano."

"Linaelekea kuvunwa, mwanangu."

"Najua."

"Wewe si umesomea kilimo?"

"Nimesomea, mzee. Najua kwamba wakati huu mche hautaki mbolea kali. Waziri anajua. Nadhani hata chupa yenyewe inajua." Akaigeuza chupa mkononi. "Hii ni ya kukuzia majani. Ya miche michanga. Ukiumwagia mche wenye maua, unasahau maua unarudi utotoni."

"Kama mume wangu," Bibi akasema kutoka jikoni.

"Sasa ukijua hivyo unamwagaje?" Babu akauliza.

"Nisipomwaga, atakuja mwingine asiyejua, amwage chupa mbili."

Kwa hoja hiyo, ambayo ndiyo nguzo ya utumishi wa umma nchini mwetu, Bwana Lukwaro akafungua kizibo. Sheria ilitaka tuimbe wimbo wa taifa wakati anamimina. Tuliimba ubeti mmoja, kwa sababu Babu hakuweza kusimama kwa ubeti wa pili.

* * *

Baada ya siku chache ncha za majani ziliungua, zikajikunja kama kucha za kuku. Maua yaliacha kunenepa. Katikati yake yakaanza kuchomoza vijani vidogo vidogo, vya kijani kabisa, vya uzalendo kabisa, visivyofaa kwa lolote. Babu alikaa kwenye kigoda akiutazama mche, akiwa ameushika mguu wake kwa mikono miwili.

Kwa Mama Hidaya ilikuwa mbaya zaidi. Mumewe alikuwa na saratani ya mifupa, na yeye, kwa hofu, aliumwagia mche wao kila asubuhi kama alivyoagizwa na redio. Ulinawiri ajabu. Majani yalikuwa mengi hata maua yakakosa hewa, na siku moja akayapasua akakuta yameoza ndani. Alikuja kwetu akiwa ameyafungia kwenye khanga, akatuonyesha, akayafunga tena.

"Afisa amenisifu," alisema. "Amesema kijani changu ni cha mfano."

Hakulia. Kwetu kulia kuna ofisi yake, na ofisi hiyo hufungwa adhuhuri.

Jioni ile tulifanya kikao cha familia. Babu alikuwa mwenyekiti kwa sababu ndiye hakuweza kuondoka.

"Tukiendelea kuumwagia, unaoza," alisema. "Tukiacha, unageuka njano wanaung'oa. Mke wangu, wewe umesoma bweni. Unasemaje?" Hivyo ndivyo babu huwaita wajukuu wa kike kwetu, na bibi naye hulazimika kuonyesha wivu.

"Asiseme lolote huyo," Bibi akasema. "Mke mwenzangu huyu shuleni kwao aliwahi kumvalisha mbuzi tai akamwingiza mkutano wa walimu."

"Na walimu walifanyaje?" Babu akauliza.

"Walimsubiri atoe maoni," nikasema. "Alikuwa na tai."

Babu akanitazama, nami nikatazama nyuma ya nyumba, ambako Bibi ana shamba dogo la mihogo. Kwa wasiojua, jani la muhogo limegawanyika vidole vidole kama kiganja, na jani la Mche wa Taifa limegawanyika vidole vidole kama kiganja. Kila mpishi wa kisamvu anaweza kuyatofautisha akiwa amefumba macho. Lakini serikali yetu haijawahi kupika.

* * *

Tulichagua muhogo mchanga wenye shingo nzuri, tukauchimbua na udongo wake, tukauhamishia kwenye ndoo ya bluu. Mche wa Babu tukauweka kwenye chungu kilichopasuka mdomo na kuuingiza katika kibanda cha kuogea uani, kile cha makuti kisicho na paa, ambamo jua huingia na watu hawaingii. Bibi akausafisha kwa maji matupu, ndoo baada ya ndoo, hadi yaliyotoka chini hayakuwa tena na povu la Kijani Daima.

Mbolea yote tukaupa muhogo. Sijapata kuona kiumbe kinachoipenda serikali kama ule muhogo. Ulikunywa na kukua, ukakunywa na kukua, majani yakawa mapana kama sahani.

Wakaguzi walipita mara kwa mara. Kila walipobisha hodi, Bibi alikwenda kuoga. Alioga asubuhi, akaoga saa ya mapishi, akaoga wakati wa mvua.

"Nani yuko huko?" mkaguzi mmoja aliuliza.

"Mwanamke anaoga," Bibi akajibu, akimwaga maji kwa kishindo. "Unataka kukagua nini, baba? Njoo tu, mimi ni mzee, sina cha kuficha ila miaka."

Mkaguzi akageuka akaenda kukagua ukuta wa upande wa pili.

Siku ya ukaguzi mkuu alikuja Bwana Lukwaro mwenyewe. Alisimama mbele ya ndoo ya bluu. Alitazama kwa muda mrefu. Nilisikia kuku wakikwaruza, na nilimsikia Bibi akijimwagia maji ya sita au ya saba ya siku ile. Nami nikakumbuka kwamba kosa hili adhabu yake ni kung'olewa mche na kufungwa mwenye nyumba, na kwamba mwenye nyumba wetu hawezi hata kutembea hadi gerezani.

"Mzee," Bwana Lukwaro akasema polepole. "Huu ndio Mche?"

"Uko ndani ya ndoo ya serikali."

"Naona. Majani yake..."

"Ni ya kijani."

Akatoa kadi yake, akaiweka juu ya jani. Vililingana kabisa. Akaitazama kadi, akamtazama Babu, akautazama mguu wa Babu uliokuwa umelazwa juu ya mto. Kisha akatazama upande wa kibanda cha kuogea, ambako harufu fulani ilikuwa inapambana na sabuni ya Bibi na kushinda.

"Ni ya kijani," akasema. Akapiga muhuri kwenye ndoo. "Mwambie mama aache kuoga, atapata kikohozi."

* * *

Tulidhani yamekwisha. Lakini katika nchi yetu jambo likifanikiwa ndipo mtu anapoanza kupata shida.

Muhogo wetu uliongoza kata kwa ukijani. Uliongoza wilaya. Habari ikafika juu kwamba mzee mlemavu, kwa kutumia Kijani Daima peke yake, ameotesha Mche ambao haujawahi kuonekana, na shemeji wa Waziri akaomba uletwe uwanjani Siku ya Kijani. Lori la serikali likaja kutuchukua. Muhogo ulikaa mbele na dereva. Babu alikaa nyuma.

Uwanjani walimsimamisha juani kando ya ndoo. Nilimshika mkono, na kila dakika uzito wake ulizidi kuniangukia. "Mguu unasemaje?" nikamuuliza. "Unatukana," akasema, huku akiwatabasamia mabalozi.

Mheshimiwa Daktari Mhandisi Bulimbe alipanda jukwaani na wakeze, yaani mmoja, na shemejize, yaani mmoja. Akahutubia.

"Ndugu wananchi, maadui zetu walisema mbolea haibadilishwi mche ukiwa na maua. Walisema tusubiri kuvuna. Nauliza, sisi ni taifa la kusubiri?" Wananchi, waliokuwa wamesubiri tangu alfajiri, wakasema hapana. "Wakoloni ndio waliotuambia kila kitu kina wakati wake. Leo tazameni. Mche huu umebadilishiwa mbolea uzeeni, na badala ya kuzeeka umekuwa kijana. Hata mimi mwenyewe nimefanya mabadiliko kama hayo." Mke mpya akapunga mkono.

Kisha akashuka, akachuma jani la muhogo, akalifikicha puani kwa macho yaliyofumbwa.

"Naam," akasema. "Naanza kutulia."

Waliokaa jukwaa kuu nao wakaanza kutulia. Mnadhimu mmoja alitulia hadi akalala. Miongoni mwa maelfu ya watu waliokuwa pale, sidhani kama kulikuwa na mmoja ambaye hajawahi kula kisamvu. Niliona akina mama wakitazamana, midomo wameikaza, mabega yanatetemeka chini ya khanga. Hakuna aliyesema. Kusema kungehitaji kupandisha mkono, na mikono ilikuwa imechoka.

"Mzee wetu," Waziri akamgeukia Babu, "waambie wananchi siri ya mafanikio yako."

Babu alikuwa amegeuka rangi. Nilijua anajitahidi asianguke.

"Siri ni kwamba nilifuata maagizo, mheshimiwa," akasema. "Mbolea yenu yote niliupa mche huu. Hata tone sikutia kwingine."

Ilikuwa kweli tupu, na walimpigia makofi.

* * *

Wiki hiyo hiyo likatoka tamko. Kwa kuwa Mche halisi sasa umejulikana, na kwa kuwa picha yake imekwisha chapishwa kwenye stempu, serikali iliamuru wananchi wote waoteshe ule tu. Mmea mwingine wowote unaojifanya Mche utahesabiwa kuwa magugu, na serikali haina habari na magugu, haiyakagui, haiyadai nusu, wala haiyapi mbolea. Malori yakaanza kupeleka majani ya muhogo bandarini yakiwa katika masanduku yenye alama ya dawa. Wageni wakaandika kuuliza. Wakajibiwa kwamba hawaelewi.

Bwana Lukwaro alikuja kutusomea tamko hilo. Alilisoma uani, kwa sauti, akiwa amesimama. Alipomaliza aliikunja ile karatasi, akatazama mlango wa kibanda cha kuogea ambao Bibi hakuhangaika tena kuufunga. Mche wa Babu ulikuwa umepona kadiri ulivyoweza. Nusu ya maua yalikuwa yamepotea, nusu yalikuwa yamenenepa tena, na majani yalikuwa ya njano, njano hasa, njano ya kufungwa jela.

"Mzee, hayo magugu," akasema.

"Nimeyaona."

"Yamekomaa. Yakae siku chache tu, yakatwe. Na yasipewe mbolea yoyote."

"Hata ya Waziri?"

"Hasa hiyo."

Tukayakata, Bibi akayaanika kivulini juu ya kamba, akiyageuza kwa upole zaidi kuliko alivyowahi kunigeuza mimi nilipokuwa mchanga, kwa ushahidi wake mwenyewe. Yalipokauka hayakuwa mengi. Babu aliyagawa mafungu mawili, akanipa la kwanza nimpelekee Mama Hidaya.

"La kwetu ni dogo zaidi, Babu."

"Mguu wangu ni mmoja," akasema. "Mwenzangu anaumwa mifupa yote."

Mama Hidaya alipokea kwa mikono miwili. Alinikalisha, akaingia ndani kwa mumewe, na akakaa huko kwa muda mrefu. Alipotoka akanifungia viazi vitamu nirudi navyo.

* * *

Mara ya mwisho Bwana Lukwaro alikuja kwetu adhuhuri, na safari hii alikuwa na mpiga ngoma. Alikuwa ameleta Nishani ya Kijani, daraja la pili, ambayo Waziri alimtunukia Babu kwa kuokoa kilimo. Kwa sheria nishani hiyo hukabidhiwa kwa ngoma, na hotuba yake husomwa kwa sauti inayosikika nyumba ya saba.

Bibi akawapokea mlangoni na kidole mdomoni.

Babu alikuwa kwenye mkeka, chali, mdomo wazi, akikoroma polepole. Mguu wa kushoto ulikuwa umenyooka. Sikuwahi kuuona umenyooka. Kwa miaka yote ulikuwa umejikunja kama mtu anayengoja kupigwa. Alikuwa amelala tangu asubuhi, mchana kweupe, bila mto, na inzi alikuwa ametua juu ya goti lile na Babu hana habari naye.

"Tumwamshe?" mpiga ngoma akauliza.

"Thubutu," Bibi akasema.

Bwana Lukwaro alimtazama Babu. Akamwashiria mpiga ngoma arudi barabarani. Kisha akafungua hotuba ya Waziri, kurasa tano, akachuchumaa kando ya mkeka na kuisoma yote, neno kwa neno kama inavyotakiwa, kwa kunong'ona. Alinong'ona kuhusu maadui, akanong'ona kuhusu ushindi. Palipoandikwa "makofi" alitua kidogo, mimi na Bibi tukagusanisha viganja bila kutoa sauti.

Akaiweka nishani sakafuni, mbali na mguu. Akaketi mlangoni, akavua viatu vyake vya serikali kimoja kimoja, akavibeba mkononi, na akavuka ua hadi barabarani akikanyaga kwa ncha za vidole.